Jiwe la Magadi na Amana ya Ardhi

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Wazazi wetu, dada zetu na vijana wetu, katika jiko la marehemu nyanya yetu hapakukosekana kifuu chenye mapande ya magadi. Kunde zikiwa ngumu, hutiwa kipande. Maharagwe yakikataa kuiva, hutiwa kipande. Tulipokuwa wadogo tulizoea kuiba pande moja, tukalikamulia ndimu nyuma ya nyumba ili tulione likitoa povu na kuchemka pasipo moto. Nyanya alitugombeza kwa kuharibu magadi na ndimu yake, lakini hakutwambia ni nini kilichokuwa kikitoka ndani ya jiwe lile. Imetupasa kufika umri wa mvi, na kusafiri mpaka Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, ndipo tukapata jibu. Na jibu hilo limetuletea swali kubwa zaidi, linalohusu ardhi, mirathi na mali ya yatima. Ndiyo maana tumeona tuwaandikie.

Tulifunga safari baada ya mpwa wetu aliyeolewa huko kutuomba twende tukatoe darsa kwa akina mama wa mtaa wake. Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Mombasa, ile inayosimama katika vituo vya njiani: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kuingia tuliposhuka Athi River. Tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha tukapanda matatu ya kwenda Kitengela.

Anayeikumbuka Kitengela ya zamani huielezea kuwa ni uwanda wa nyasi walikopita nyumbu na punda milia wakitoka na kuingia katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Leo ni mji kamili kando ya barabara ya Namanga, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta humo zaidi ya wakazi 150,000. Maduka ya vyuma na mbao, nyumba za ghorofa zisizokwisha kujengwa, malori yanayopanga foleni. Na juu ya vyote hivyo vumbi la rangi ya majivu, kwa kuwa ukanda huu wa Athi River na Kitengela ndiko kwenye viwanda vingi vya saruji. Mume wa mpwa wetu hufanya kazi katika kimojawapo. Jioni anaporudi, mkewe humwekea ndoo ya maji mlangoni kabla hajawashika watoto.

Ni yeye aliyetufungulia mlango wa elimu hii. Tulipokuwa tukinywa chai alitueleza kazi yao kwa ufupi: wanachukua jiwe la chokaa, wanalichoma kwa moto mkali sana, kinachobaki ndicho asili ya saruji. Tukamwuliza, “Na kisichobaki huenda wapi?” Akaelekeza kidole juu.

Kisha akafafanua. Jiwe la chokaa ni kalsiamu iliyoshikana na hewa ya kaboni. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 56 hubaki zikiwa chokaa, na kilo 44 huruka angani zikiwa hewa ya kaboni. Huo bado si moshi wa kuni wala wa makaa ya mawe yaliyotumika kuwasha tanuri. Hiyo ni hewa iliyokuwa imelala ndani ya jiwe lenyewe tangu zama ambazo Mwenyezi Mungu peke yake ndiye azijuaye. Wataalamu wanakadiria kwamba saruji peke yake hutoa kiasi cha asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ya kaboni yote inayotokana na shughuli za wanadamu. Hewa hiyo ikizidi, hulishika joto la jua lisirudi juu, na mizani ya mvua na ukame ikaharibika.

Hapo ndipo tulipoikumbuka ndimu ya utotoni. Magadi nayo ni jiwe lenye kaboni, iliyoshikana na sodiamu na maji. Ile ndimu ilikuwa ikilifungua jiwe, na lile povu lilikuwa hewa ya kaboni ikitoka. Tulilolifanya sisi kwa mchezo nyuma ya jiko, walimwengu wanalifanya kwa matanuri mchana na usiku.

Usiku ule taa ziliwaka katika nyumba ya mpwa wetu, akatwambia, “Mjomba, umeme huu na ule wa kwenu Mombasa umepita njia moja.” Tukadhani anatufanyia mzaha, kumbe ni kweli. Isinya, mwendo mfupi kutoka Kitengela, kuna kituo kikubwa cha umeme. Njia moja ya nyaya yatoka Suswa, ambako umeme wa Olkaria hukusanywa, na nyingine yashuka kutoka Isinya mpaka Rabai, mlangoni mwa Mombasa. Wale wetu wanaokumbuka jinsi pwani ilivyotegemea mitambo ya mafuta ya Kipevu wataijua thamani ya jambo hili.

Olkaria iko karibu na Naivasha, katika Bonde la Ufa. Hapo visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme. Visima vya leo vyaweza kufika kilomita tatu chini ya ardhi, mahali ambapo joto hupita nyuzi 300. Maji yaliyo huko hupanda yakiwa mvuke, mvuke ukazungusha mitambo, na maji yaliyotumika yakarudishwa chini. Hakuna dizeli inayochomwa. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na joto hilo, nayo ni fahari yetu kwamba nchi yetu imo miongoni mwa nchi kumi za mbele duniani katika nishati hii ya jotoardhi.

Siku ya pili tulitoa darsa letu juu ya amana. Walipokwisha kutawanyika akina mama, mmoja alibaki. Ni mama wa Kimasai aliyesilimu pamoja na marehemu mumewe, naye alikuwa ametoka mbali, upande wa barabara ya kuelekea Magadi. Alifungua kanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema: “Sheikh, nimeambiwa nitie dole gumba hapa. Watu hawa wanataka kununua nafasi iliyo chini ya ardhi yangu ili waweke hewa. Nitauzaje nisichokiona? Na je, ni halali?”

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu, isiyo na ramani wala kipimo. Ilitaja miaka 30. Ilitaja malipo ya awali ambayo kwa mama yule yalikuwa makubwa, kwa sababu ukame wa miaka ile, misimu mitano ya mvua ikikosekana kwa kufuatana hadi mwisho wa 2022, ulimmalizia ng’ombe wake karibu wote. Ana watoto wanne, na wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa karo. Tulimwomba atupe siku mbili. Hatukutaka kumjibu jambo tusilolijua, na mwulizwa asiyejua hana budi ya kwenda kutafuta.

Tukaenda kutafuta. Kesho yake mume wa mpwa wetu alikuwa na mapumziko, akatuchukua kwa gari la jirani. Tulishika njia ya Isinya, tukakata kuelekea Kiserian, kisha tukaanza kuteremka barabara ya Magadi. Hapo Kona Baridi upepo wapiga mpaka mtu akumbuke koti lake, na mbele yako ardhi yafunguka kama iliyopasuliwa kwa makusudi. Ndilo Bonde la Ufa. Kila ukishuka, baridi yaondoka na joto laingia. Miti inakuwa mifupi, mawe yanakuwa meusi, na mwisho wa safari, mamia ya mita chini ya pale tulipoanzia, likatokea ziwa jeupe lenye kingo za rangi ya waridi, mithili ya sahani iliyomwagikiwa chumvi.

Hilo ndilo Ziwa Magadi, na ndiko yanakotoka yale mapande ya kifuu cha nyanya. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na reli ikaletwa kutoka Konza kupitia Kajiado kwa ajili yake. Kandokando ya ziwa zipo chemchemi za moto, nyingine zikipita nyuzi 80. Maji hayo hupita katika miamba ya volkano, yakachukua sodiamu na kaboni. Yakifika ziwani jua kali huyakausha, na kinachobaki ni trona, tabaka juu ya tabaka, unene wa makumi ya mita mahali pengine. Kwa hiyo kuifungia kaboni ndani ya jiwe si jambo lililobuniwa na kampuni yoyote. Muumba ameliweka hapa mbele ya macho yetu kabla mwanadamu hajaliwaza, na akina mama wamelipikia kunde miaka yote hiyo.

Wakati wa sala ulipofika palizuka swali dogo: je, maji haya yafaa kwa udhu, nayo yamebadilika ladha? Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamekwisha kulijibu: maji yaliyobadilika kwa sababu ya mahali yakaapo au yapitapo hubaki katika twahara yake. Tukatafuta mahali yalipopoa, tukatawadha, tukasali juu ya mawe.

Baada ya sala tulielezwa jambo lililotushitua. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Hyunwoo Lee wa Chuo Kikuu cha New Mexico walichapisha matokeo ya vipimo vyao katika bonde hili la Magadi na Natron. Waligundua kwamba nyufa za ardhi zenyewe zinavuja hewa ya kaboni kutoka kilindini, kwa makadirio ya tani milioni 4 kila mwaka. Maana yake ni kwamba ardhi hii inayojua kuhifadhi, inajua pia kupumua. Ukiisukumia hewa tupu chini ya nyufa hizi, yaweza kupanda tena kwa njia ileile.

Basi yawezekanaje watu waseme wataificha hapa? Jibu tumelipata, nasi tunalieleza kama tulivyolifahamu. Huko Iceland, nchi ya baridi yenye volkano kama zetu, wataalamu wa mradi wa CarbFix walianza mwaka 2012 kuiyeyusha hewa ya kaboni ndani ya maji, kama ilivyoyeyushwa ndani ya soda ya chupa. Maji hayo wakayasukuma mamia ya mita chini, katika mwamba mweusi uitwao basalti. Maji yenye kaboni yana ukali kidogo, kwa hiyo huula mwamba na kutoa ndani yake kalsiamu na magnesiamu. Vitu hivyo vikikutana na kaboni hushikana, vikawa jiwe jeupe la jamii ya chokaa ndani ya vitundu vya basalti. Mwaka 2016 walitangaza kwamba zaidi ya asilimia 95 ya kaboni waliyoiweka katika majaribio hayo iligeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili. Hewa iliyogeuka jiwe haina njia ya kuvuja.

Elimu hiyo imekwisha kufika kwetu. Kampuni ya Kenya iitwayo Octavia Carbon, iliyoanzishwa mwaka 2022, inatengeneza mashine za kuinyonya kaboni kutoka hewani. Mradi wake wa Gilgil, kwa ushirikiano na Cella Mineral Storage, umekusudia kuanza na tani 1,000 kwa mwaka na kuzifungia katika miamba ya Bonde la Ufa. Mashine hizo zinataka joto na umeme mwingi, na lau zingeendeshwa kwa dizeli ingekuwa sawa na mtu anayefagia kwa ufagio wa matope. Ndiyo maana zinatafuta jotoardhi. Bonde letu lina yote mawili mahali pamoja: joto la kuendeshea na mwamba wa kuhifadhia.

Sisi tunaiona kazi hii kuwa ni kheri, na hatutaki mtu asome makala yetu akadhani tunaipinga elimu. Lakini tumeipima kwa kipimo tulichofundishwa madrasani, nacho ni kipimo cha toba. Imam Nawawi, Mungu amrehemu, alizieleza sharti za toba: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kosa linahusu haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe haki yake. Kuirudisha kaboni ardhini ni mfano wa kurudisha haki, nalo ni jambo jema. Lakini aliyerudisha shilingi moja huku mkono wa pili ungali unaiba shilingi elfu, huyo hajatubia.

Hesabu yenyewe ni hii. Dunia hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya kaboni kila mwaka kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi. Mradi wa tani 1,000 ungehitaji wenzake milioni 37 ili kuifuta hewa ya mwaka mmoja tu. Kwa hiyo anayenunua hati ya kaboni ya Bonde la Ufa ili aendelee kuchoma kwake bila ya kupunguza, anajinunulia utulivu wa moyo, na kosa linabaki palepale. Ule umeme wa mvuke unaofika Rabai ukachukua nafasi ya dizeli ndio ulio karibu zaidi na sharti la kwanza: kuacha. Wala hatusemi haya ili kumlaumu mama wa Likoni au Kisauni mwenye jiko la makaa. Mzigo huu mkubwa si wake, na asibebeshwe.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la walio juu ya ardhi. Hata nishati iliyo safi yaweza kuletwa kwa njia isiyo safi. Mwaka 2014, ili kupisha mradi wa Olkaria IV, familia za Kimasai zilihamishwa kwenye vijiji vyao na kupelekwa makao mapya. Baadhi yao walipeleka malalamiko mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wakilalamikia ardhi, njia na hati, na usuluhishi ukafanywa. Walijengewa nyumba, hilo ni kweli. Lakini mfugaji hapimiwi maisha yake kwa kuta za nyumba pekee. Anaishi kwa malisho, maji na njia ya mifugo.

Na maji ndiyo yaliyotutia hofu zaidi. Kwa njia ile ya Iceland, kila tani moja ya kaboni huhitaji kiasi cha tani 25 za maji. Huko mvua na theluji si shida, ilhali Kajiado mama huamka kabla ya Alfajiri kutafuta mtungi mmoja. Yaweza kutumika maji ya chumvi, au yale yanayorudishwa kutoka visima vya jotoardhi. Lakini hilo liandikwe, lisiachwe katika ahadi za mdomo.

Siku ile ya tatu mama alirudi, pamoja na shemeji yake. Tulimjibu kama ifuatavyo, na tunaliandika hapa kwa kuwa huenda mwingine akaletewa karatasi kama yake.

Kwanza tulimwuliza, “Dada yetu, ardhi hii imekwisha gawanywa mirathi?” Akasema bado. Tukamwambia: basi wewe, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, haki yako ni thumuni, sehemu moja katika nane. Kinachobaki kina wenyewe, na wengi wao ni yatima wadogo. Ukitia dole gumba kwa miaka 30, unaifunga mali yao mpaka wawe watu wazima wenye wake na waume. Wewe ni mlezi wa mali ile, na mlezi haruhusiwi kufanya ila lililo na manufaa ya wazi kwa yatima.

Pili, tulimweleza gharar, yaani mauzo yenye kificho. Kilichouzwa lazima kijulikane. Karatasi ile haikusema chini ya ardhi yake kuna mwamba gani, nao si kila mwamba mweusi ni basalti. Tambarare za Kitengela zimelala juu ya mwamba wa volkano wa aina nyingine, ulio na kalsiamu na magnesiamu kidogo, na sehemu kubwa ya sakafu ya bonde kule Magadi imefunikwa na trakiti, ambayo nayo ni ya jamii hiyo. Basalti ipo, nyingine imefukiwa chini yake. Lakini hapana ajuaye ila kwa kuchimba na kupima. Anayenunua kwa mjane kitu ambacho yeye mwenyewe hajakipima, ama anabahatisha, ama anataka karatasi hiyo akaiuze kwa mwingine.

Tatu, tulimweleza sheria ya nchi. Katiba ya 2010 inayahesabu madini kuwa mali ya umma, na Sheria ya Nishati ya 2019 imeiweka jotoardhi chini ya Serikali ya Taifa. Hivyo si kila kilicho chini ya shamba huuzwa na mwenye shamba. Na marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, yaliyotiwa saini Septemba 2023, yanadai mkataba wa maendeleo ya jamii kwa miradi ya kaboni. Mradi unaotegemea ardhi ya jamii hauna budi kuipa jamii hiyo si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, na usiotegemea ardhi, asilimia 25. Hapo ndipo pa kufumbua macho: atakuja mjanja aseme kwamba kaboni imewekwa chini sana, kwa hiyo mradi si wa ardhi. Swali hilo lijibiwe mbele ya mwanasheria na wazee, na akina mama wawepo kikaoni, kwa kuwa maji ya kisima ni wao wanaoyateka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo bado lingali linatuuma: “Sheikh, haya yote nimeyafahamu. Na karo?”

Tulinyamaza. Nasaha ya aliyeshiba ni nyepesi kinywani mwake. Tulikuwa tumemwambia asipokee fedha ambazo watoto wake walizihitaji wiki ileile, na sisi tulikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani mfukoni. Mpwa wetu ndiye aliyeondoka kimya akaenda kuwaambia wenzake wa darsa. Kufikia Magharibi walikuwa wamechanga karo ya muhula mmoja kwa watoto wale wawili. Muhula mmoja tu. Hatutaki kuupamba mchango ule ukaonekana kuwa umemaliza jambo, lakini ulimpa mama nafasi ya kusema, “Ngojeni kwanza.”

Akawaambia hivyo. Alitaka karatasi kwa Kimaa na kwa Kiswahili, akataka ipelekwe kikaoni, akauliza mwamba ni upi na maji yatatoka wapi. Watu wale waliichukua karatasi yao wakaahidi kurudi. Hadi tunapoandika hawajarudi. Huenda wakaja wengine walio wakweli, wenye vipimo na mkataba ulio wazi, na ikiwa hivyo, hatutamkataza. Ardhi yake huenda ikawa kweli ni hazina ya kuhifadhia, na watoto wake wakala halali kutokana nayo.

Ndugu zetu, watoto wetu huhifadhi Surat Az-Zalzala wangali wadogo, nao hujifunza humo kwamba ardhi itakuwa shahidi Siku ya Kiyama. Tulipokuwa kule Magadi tuliifikiri sura hiyo kwa namna ambayo hatukuwahi kuifikiri tukiwa mkekani. Ardhi imepokea kaboni, ikaifunga kwa jiwe la chokaa na kwa magadi, ikaitunza bila ya kudai ujira. Sisi tumeifungua kwa moto. Sasa twataka kuipa amana hiyo mara ya pili, na si vibaya. Bali tusiende kwake na mikono iliyokula mali ya yatima.

Tumerudi Mombasa na pande moja la magadi. Wajukuu walilikamulia ndimu, wakalitazama likitoa povu, wakafurahi. Kisha mdogo wao akauliza, “Babu, sasa tulifungeje tena?” Tukamwambia kwamba kulifungua kwatosha ndimu moja, na kulifunga kwataka mwamba, maji, moto wa ardhini na uaminifu wa watu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudisha amana kwa wenyewe, awalinde yatima wa Kajiado na wa pwani, na awateremshie mvua ya rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.